Kazi Yangu ya Kungojea Namba

Niliacha kazi mwezi wa nane, nikiwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyenipigia ngoma. Wakubwa wa ofisi wakistaafu wanapewa saa ya mukononi na hotuba. Miye nilipewa kipande cha kitambaa, tergal ya buluu, kilichobaki kwenye suruali ya mutu mwingine, na ushauri wa kujishonea kitu nikifika internat, shule ya kulala. Bado sijashona. Internat yetu iko mbele ya Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru, na baridi yake si muchezo. Ninaandika haya saa ya étude, ya kujisomea, nyuma ya kitabu cha jiografia, kwa ajili ya wale watakaoshika ardoise, kile kibao cheusi cha kuandikia, baada yangu kwa fundi wa nguo Bahizi, kule kwetu Ndosho.

Juu ya mushahara sitasema kitu. Mushahara ulikuwa mandazi. Vyeo pia havikuwapo: niliingia mushika ardoise, nikatoka mushika ardoise. Nitasema juu ya kazi yenyewe, ambayo inaonekana nyepesi mupaka mutu aijaribu.

Kazi ni hivi. Fundi anapima mutu kwa santimetri yake ya kitambaa, anatamka namba kwa Kifaransa, na mushika ardoise anaiandika. Basi. Lakini fundi Bahizi ana kigugumizi. Kwetu, kwa Kinyarwanda, wanasema anadedemanga. Namba inaweza kuondoka mudomoni kwake asubuhi ikafika kwenye ardoise jua limeshapanda. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Kwa hiyo kuandika si kazi. Kazi ni kungojea.

Jina langu la shule ni Nyiramahoro. Lile la ubatizo lilibaki sakristia wakati serikali iliposema kila mutu achukue jina la babu zake. Kazini hawakutumia hata moja, waliniita Kimya. Muteja akiniuliza bei nilijificha nyuma ya vikwembe vilivyotundikwa, nikajibu kutoka huko, au sikujibu. Katika atelier nyingine ya ushonaji wangenifukuza. Kwa Bahizi nilionekana kama mutu mwenye kipaji.

Siku ya kwanza sikuja kufanya kazi hata kidogo. Mama yangu anauza samaki. Asubuhi alikuwa anashuka Kituku kungojea mitumbwi, na miye nilikuwa nalia kila muuza samaki mwenzake akinishika shavu. Basi akaniacha kwa fundi, jirani yetu. Nilikuwa sijaanza shule.

“Fundi, nakuachia huyu mupaka saa saba,” mama alisema. “Hasumbui, haongei.”

Fundi hakuacha kukanyaga mashine. “A-a-a-acha tu, mama. Na mi-miye siongei sana.”

Mashine ilikuwa inasema ta-ta-ta-ta. Fundi alisema a-a-a-acha. Nilikaa chini ya meza, juu ya vipande vya nguo, nikaona mambo yanaelewana: mutu amekaa na mashine yake miaka mingi, sasa wanasema lugha moja. Sikuona ajabu. Muganga ananuka dawa, mama yangu ananuka samaki, fundi anasema kama anashona.

Niliishi na imani hiyo muda murefu. Mwaka mumoja, karibu na Noeli, Bahizi alikuwa na kazi nyingi, mama akanipeleka kwa fundi mwingine kule Birere. Yule alisema kama maji ya bomba: mabega, mikono, urefu, njoo Jumamosi. Nikamuvuta mama kikwembe.

“Mama, twende. Huyu hajui kushona.”

“Umeona nini?”

“Hajajifunza bado kusema.”

Mama alicheka mupaka akakaa kwenye jiwe. Robe yake, gauni ya Noeli, ilipotoka, mukono mumoja ulikuwa murefu kuliko mwenzake. Mama alishangaa. Miye sikushangaa.

Ardoise nilipewa nikiwa mwaka wa tatu wa shule ya primaire. Dada aliyekuwa akiishika aliolewa Masisi, akaondoka na mukasi mudogo ambao fundi anausikitikia mupaka leo. Hakuna aliyenifundisha kazi. Muzee Bahizi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniona chini ya meza, akaninyoshea ardoise. Nikatoka na vipande vya nguo kwenye nywele, nikaanza.

Kabla ya namba, vyombo. Pasi yetu ni ya makala. Ukiitia moto, itoe kwanza nje uipulizie majivu yatoke, la sivyo shati ya komunyo ya mutoto wa watu itarudi nyumbani na alama nyeusi. Chaki ya fundi hatuna. Tuna vipande vya sabuni vilivyochakaa, vyembamba kama kucha, na ni vizuri kuliko chaki maana vinaondoka na maji. Chini ya atelier ni mawe ya volkano. Pini ikianguka kati ya mawe, usiikimbilie kwa vidole. Kuna sumaku ya redio mbovu, imefungwa kamba. Uikokote polepole kama mutu anayechunga mbuzi. Nilikokota sumaku hiyo miaka yote, na kama kuna kitu ninachokikumbuka hapa internat ni ile sauti ndogo ya pini ikishikwa.

Sasa namba. Santimetri anaishika muzee, si weye. Ardoise uishike chini, karibu na tumbo. Macho yako yaangalie santimetri au mukono wako, yasiangalie mudomo wake. Mudomo si sinema. Usikohoe. Usigonge ardoise kwa sabuni. Na usiandike kitu mupaka namba nzima imefika, hata kama una hakika, na zaidi sana kama una hakika.

Neno baya kuliko yote kwa muzee lilikuwa poitrine. Ile p ya mwanzo ilimufungia mulango. Kwa hiyo sisi, tofauti na mafundi wote wa Goma, kifua tulikipima mwisho. Tulianza na mabega, tukashuka mikononi, tukazunguka kiuno, tukaenda miguuni, na kifua cha mutu kilikuwa kikitungojea pale pale. Lakini siku muzee akiwa na furaha, alianza na poitrine makusudi, kama mutu anayepiga mulango wa jirani ambaye anajua yuko ndani.

Na hapa niseme jambo ambalo wageni hawakulijua. Muzee alikuwa mutani mukubwa, na utani wake wote aliuweka kwenye namba. Akishona hakusema. Wakati wa kula hakusema. Lakini akimupima mutu, baada ya namba aliongeza kitu. “Ce-ce-cent douze. Papa, tumbo yako i-i-inatangulia leo, weye u-utafika kesho.” Na kwa sababu neno lilichelewa, watu wote walikuwa wameshika pumzi, na lilipofika walicheka mara mbili: mara kwa utani, mara kwa kufika kwake. Kulikuwa na watu waliokuja kupimwa suruali wasiyoihitaji.

Tabu yangu ya kwanza kazini iliitwa Kasereka. Alikuja toka Butembo kujifunza ufundi, kijana mwenye akili na haraka, na wakati nilipokuwa shuleni alikuwa akishika ardoise mahali pangu. Siku moja akaja papa Kambale, mwenye camion mbili za mizigo, anataka abacost ya sikukuu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Muzee akamuzungusha santimetri kiunoni. “Cent,” akasema vizuri kabisa, halafu akakwama. Kasereka, kwa moyo mwema, akaandika mia moja, akasema, “Tayari, muzee, tuendelee.”

Namba ilikuwa bado njiani. Ilikuwa cent douze, mia na kumi na mbili.

Muzee alimutazama, akaendelea na miguu. Mupaka leo sijui kwa nini hakusahihisha. Nafikiri alitaka kitambaa ndicho kiseme. Abacost ikashonwa, papa Kambale akaja, akaivaa, na vifungo vikatazama vishimo vyake kwa mbali kama watu waliogombana.

“Fundi,” papa Kambale alisema, “hii umenishonea au umemushonea mutoto wangu?”

Muzee akamugeukia Kasereka. “Mu-mu-mueleze. Weye ndiye u-ulimaliza.”

Kasereka alitia vipande viwili pembeni, rangi nyingine kidogo, maana kile kitambaa kilikuwa kimekwisha. Papa Kambale akaenda kwenye sikukuu na mistari miwili ubavuni. Haukupita muda, vijana wawili wakaja wanataka abacost “ile ya mistari ya papa Kambale.” Hivyo ndivyo mode inavyozaliwa, kama mulikuwa hamujui.

Tangu siku ile Kasereka alingojea. Sote tulingojea, na mama Sifa pia, anayekaanga mandazi mulangoni petu, na watoto wake, na wateja wa kila mwezi. Tukazoea vibaya. Siku moja akaingia citoyen mumoja, mutu wa serikali wa ofisi ya zone, mutu mukubwa, kalamu mbili mufukoni. Alisema kama wanavyosema wakubwa: anatoa neno, anapumzika, anaangalia juu, anatoa lingine.

“Ninataka,” akasema, “abacost.”

Akapumzika. Kasereka akashusha macho. Mama Sifa akashusha kijiko chake. Miye nikaangalia mukono wangu. Muzee mwenyewe alikuwa ameinama anangojea kwa heshima. Hata nzi nafikiri walikaa.

“Munafanya nini?” citoyen akauliza.

“Tunakungojea umalize, papa,” Kasereka akasema.

“Nimemaliza!”

“Ndiyo, papa.” Na tukaendelea kungojea kidogo, tupate hakika.

Alitoka pale anafikiri tunasali. Lakini aliirudia atelier yetu, tena mara nyingi. Mama Sifa anasema mutu mukubwa hapati mahali pengi pa kunyamaziwa namna ile.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka huu. Nilipopata nafasi hapa internat, mama alifurahi, baba alifurahi, miye nililia nyuma ya vikwembe. Si kwa ajili ya pasi. Muzee angepata mutu wa pasi. Nilijiuliza nani atamungojea. Kasereka sasa ni fundi kamili, ana mashine yake. Hawezi kushona na kushika ardoise.

Mwezi wa saba tukaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa binamu yangu Furaha, wa miaka kumi na nne, ambaye kila mutu anasema ana roho nzuri. Miye nilimuchukia kidogo kwa ajili ya viatu vyake, lakini nilimuleta. Muteja akasimama, muzee akafungua mudomo, “Trr-trr-trente,” na Furaha akainamisha kichwa pembeni, macho yakajaa maji.

“Masikini,” akasema.

Alisema polepole, lakini atelier yetu ni ya mbao, inasikia yote. Muzee akafunga mudomo. Namba zilizobaki alizionyesha kwa kidole kwenye santimetri, na Furaha akaziandika bila kosa. Muteja akaondoka bila utani hata mumoja, akaangalia nyuma mara mbili kama mutu aliyesahau kofia.

Wa pili alikuwa Bahati, mutoto wa katekista wetu, anaimba koro, ana subira ya kanisa. Huyu hakusikitika. Huyu alisaidia. Muzee alipokwama, Bahati alimusogelea, akamuangalia usoni, akaanza kutikisa kichwa juu chini kwa kila kipande cha neno kama anajaza upepo baiskeli.

“Pumua, muzee. Polepole. Ndiyo. Inakuja.”

“We-weye,” muzee akamuambia, “u-unapumua kwa ajili ya watu wa-wawili. Utachoka.”

Tukacheka, Bahati naye akacheka, na nikafikiri tumepata. Lakini kesho yake Bahati aliendelea kutikisa kichwa, na keshokutwa muzee akaanza kupima kwa kidole tena. Kidole kwenye santimetri, Bahati anaandika, kidole, anaandika. Kazi ilikwenda mbio kuliko wakati wowote. Suruali zilitoka sawa. Ndiyo iliyonitisha. Ningekwenda zangu Rutshuru, na atelier ingeendelea vizuri, na muzee asingesema tena mupaka kufa.

Nilimuuliza Kasereka, maana na yeye alikuja mukubwa akajifunza kungojea.

“Bahati ni kijana muzuri,” nikamuambia. “Anakosa nini?”

Kasereka alikuwa anauma uzi. “Hakosi kitu. Ni kama miye. Weye unafikiri miye najua kungojea? Miye nangojea na meno, Kimya. Kila siku. Muzee akikwama nauma meno hivi, neno lisinitoke miye kabla yake. Sasa weye unangojea na nini?”

Nikafikiri. “Sijui. Sikujuaka kama nangojea.”

“Unaona? Njo vile. Weye ulikuta muzee anasema hivi kama unavyokuta mulima uko pale. Siye wengine tulikuja tunajua watu banasema namna gani.”

Niliandika maneno yake kwenye diari yangu, kwa sababu Kasereka hasemi vitu vingi vya kuandika. Nilisoma tena usiku ule, nikajikasirikia kidogo. Nilikuwa najihesabu mupole miaka yote, kumbe sikufanya kitu. Nilikalishwa tu chini ya meza mapema.

Sasa mutu mwenye akili angeangalia chini ya meza hapo hapo. Miye nilichukua siku kadhaa.

Chini ya meza alikuwa Sifa. Ni mutoto wa mwisho wa mama Sifa wa mandazi. Alizaliwa, akafungwa mugongoni, akashushwa, akawekwa juu ya vipande vyetu vya nguo, na hakutoka pale. Yuko mwaka wa pili primaire. Meno ya mbele hayapo. Anaandika saba ikiangalia nyuma. Na kinyume na miye, hanyamazi. Anaongea na pini, anaongea na sumaku, anaongea na kuku wa jirani kwa jina lake.

Nilipomutaja, kila mutu alikataa.

“Huyu?” mama yake akasema. “Huyu ni wa mandazi. Tena mudomo wake utafukuza wateja, utabaki na fundi tu.”

“Ataandika namba kinyume,” Bahati akasema, naye alikuwa na haki.

Muzee aliendelea kushona. Alikuwa amezoea, siku zile, kutosema kitu.

Ilikuwa Ijumaa yangu ya mwisho. Miye nilikuwa kwenye pasi, Bahati kwenye ardoise. Akaingia mama mumoja wa Kibumba, muuza kabichi, mwanamuke wa nguvu, ameshuka na camion ya asubuhi. Binti yake anaolewa, yeye anataka robe ya kukaa mbele ya wakwe. Alisimama katikati ya atelier kama nguzo ya simu. Muzee akachukua santimetri, akamuzungushia mabega, akaonyesha kidole. Bahati akaandika. Mikono, kidole. Bahati akaandika. Kimya kizuri kabisa, kama kwa daktari wa meno.

Kutoka chini ya meza ikatoka sauti.

“Muzee, mbona leo unapima kama mwizi?”

Mama Sifa akaruka mulangoni. “Sifa! Ufunge mudomo huo!”

“Nauliza tu. Hasemi namba. Mwizi ndiye anapima bila kusema, asisikiwe na wenye nyumba.”

Muzee akabaki ameshika santimetri hewani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na miye nikaogopa, nikafikiri amekasirika, kwa sababu tangu aanze kupima kwa kidole sikumuona akicheka. Alikuwa anacheka. Akamuchukulia Bahati ardoise mukononi, polepole, bila ubaya, akainama, akaipitisha chini ya meza.

Sifa akatoka na uzi mwekundu shingoni, akapangusa pua kwa mukono, akashika ardoise juu sana, karibu na kidevu, vile hatushiki. Nilitaka kumusahihisha. Nikajizuia.

Muzee akazungusha santimetri kwenye kiuno cha mama wa Kibumba. Akafungua mudomo.

“No-no-no,” akasema, halafu mulango ukafungwa.

Ulifungwa kweli kweli. Siku nyingi hakuwa amesema namba, na ninafikiri zilikuwa zimerundikana pale nyuma. Shingo yake ikasimama. Kasereka aliacha kukanyaga mashine, na taya zake nikaziona zimekaza. Bahati, mukono mutupu, alivuta pumzi akaiweka. Mama wa Kibumba aliangalia bati. Miye nilisahau pasi juu ya kitambaa, na kama Kasereka hangenionyesha kwa macho, suruali ya mutu ingeungua.

Sifa alikuwa anachora kuku kwenye pembe ya ardoise. Alitia muguu. Akatia muguu wa pili. Akafikiri, akatia wa tatu.

“No-nonante,” muzee akasema. Sifa akaandika tisa, akarudi kwa kuku. “Nonante-hu-hu-huit.”

Sifa akaandika nane. Akaangalia ardoise, akamuangalia mama wa Kibumba kutoka chini mupaka juu.

“Uongo,” akasema.

Atelier nzima ikageuka. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumuambia muzee uongo. Haikunijia hata kama inawezekana.

“Na-namna gani uongo?” muzee akauliza.

“Amefunga tumbo. Nilimuona akiingia, ilikuwa hapa. Sasa iko hapa. Mama, achilia.”

“Huyu mutoto!” mama wa Kibumba akasema. “Nani anamulisha?”

“Achilia, mama,” Kasereka naye akasema, akifungua meno. “Robe itapasuka mbele ya wakwe.”

Mama wa Kibumba aliangalia mulango, aliangalia bati, akaachilia. Santimetri ilikwenda mukononi mwa muzee kama kamba ya mbuzi anayetoroka. Muzee akasoma. Akaanza. “Ce-cent,” akasema, na hakuna aliyeandika kitu, “cent qua-quatre.” Mia na nne, sita zaidi. Halafu nikaona uso wake unafanya vile nilivyokuwa nimeusahau, jicho moja likafunga kidogo, akaongeza: “Ma-mama, zile sa-santimetri zingine zi-zilibaki Kibumba, zimekuja na ca-ca-ca…”

Tukangojea. Mama wa Kibumba alikuwa ameinama mbele, mudomo wazi, anangojea kutukanwa.

“…camion ya pili!”

Alicheka yeye wa kwanza, akamupiga muzee begani hata miwani yake ikaruka. Mama Sifa alicheka mulangoni mupaka mandazi yakashika rangi. Bahati alitoa ile pumzi yake yote. Sifa peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, sabuni mukononi.

“Camion gani?” akauliza.

“Ni u-utani,” muzee akasema.

“Lakini gani? Asubuhi imefika moja tu. Nilikuwa barabarani. Ya pili ni ya nani?”

Muzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akavuta kiti, akakaa, apate kuwa sawa naye kwa urefu. “Si-sikiliza,” akasema. “Nilitaka ku-kusema kwamba…”

Jua lilikuwa limeshapita saa sita, na mama alikuwa ananingojea nyumbani tufunge sanduku. Niliweka pasi kwenye jiwe lake. Niliichukua tergal yangu ya buluu, nikamuaga Kasereka kwa kichwa, nikapita katikati ya vikwembe. Muzee alikuwa amekwama, tena vibaya, mukono mumoja hewani. Na Sifa, mbele yake, alikuwa anamalizia kuku muguu wa nne.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuondoka pale muzee akiwa katikati ya neno.